Kuhusu Siku Ishirini na Nane

Ofisi ya Likizo,
Chumba Na. 4, mkabala na chumba cha pasi,
Kiwanda cha Sare.
14 Novemba

Kwa Meneja wa Kiwanda,
Hapa hapa, ghorofa ya juu.

Mama Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NESI MPYA, KAMBA, NA WANAWAKE MIA MOJA NA AROBAINI WALIOACHA KUOMBA RUHUSA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, ingawa kwa sasa kichwa kinachouma ni changu.

Natumaini u mzima na zile ngazi za kwenda ofisini kwako hazikusumbui magoti. Mimi ni mzima kiasi. Mgongo wangu umefungwa bendeji, na sababu yake utaikuta katika lalamiko la tatu.

Kwa miaka kumi na tisa nimetunza Daftari la Likizo la kiwanda hiki. Unalifahamu, lile la jalada la kijani ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulishika hata kwa kulifuta vumbi. Ndani yake kila mfanyakazi ana ukurasa wake, na kila ukurasa unaanza Januari na siku ishirini na nane. Mtu akichukua siku, nampunguzia kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kumwongezea mtu hata siku moja, awe ndugu, awe jamaa, awe mke. Nasema mke kwa sababu, kama unavyojua, mke wangu anashona kola mstari wa tatu, na kama usivyojua, nyumbani kwangu siku hizi naongeleshwa kwa ufupi sana. Binti yetu alijifungua mtoto wa kike mwezi wa saba. Anakaa mbali, siku mbili kwa basi kwenda na siku mbili kurudi. Mke wangu bado hajamtia machoni mjukuu wake, na ukurasa wake umebakiwa na siku mbili tu. Kwa siku mbili atafika mlangoni kwa binti yetu, apige hodi, na hapo hapo awe ameshakuwa mtoro wa kazi. Nimemweleza kwa upole kwamba daftari ni daftari. Tangu siku hiyo chai najichukulia mwenyewe jikoni.

Haya yote, Mama Meneja, yameletwa na Nesi. Nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Fomu zimekauka. Kabla Nesi hajaja mwezi wa nane, ofisi yangu ilikuwa hai. Kila Jumatano asubuhi, kabla ya mazoezi ya viungo pale uwanjani, nilipokea fomu za ruhusa nane, kumi, hata kumi na tano kutoka ukumbi wa kushona. Kwenye sehemu ya sababu wanawake waliandika maneno mawili tu, kwa mwandiko wa kupendeza: "Siku zangu." Nami nilifurahi. Mwanamume akiomba ruhusa hujaza ukurasa mpaka pembeni, mara bibi yake amefariki, na bibi huyo huyo mimi nilishamzika mara tatu humu daftarini. Lakini mwanamke hana maneno mengi. Siku ni zako, umeziomba, nakukatia, kwaheri. Mbili mwezi huu, mbili mwezi ujao. Nilidhani ni ile akili ya akina mama ya kubana matumizi, kwamba likizo wanaila kidogo kidogo ili ifike mwisho wa mwaka.

Tena yule mzee aliyekuwa msimamizi wa michezo kabla ya kustaafu alikuwa akisimama uwanjani kila Jumatano na kutangaza kwa sauti kubwa, "Aliye kwenye siku zake aende nyumbani!" Nilimuunga mkono mia kwa mia. Mtu aliye kwenye siku zake za likizo anafuata nini kiwandani?

Tangu Septemba sijapokea fomu hata moja ya namna hiyo. Muhuri wangu umekauka. Juzi niliugonga kwenye gazeti la zamani ili usisahau kazi.

2. Mkutano wa ukumbini. Hili najua unalikumbuka, maana ulikuwepo mlangoni, lakini naomba liingie katika kumbukumbu kwa upande wangu.

Nesi alizimisha mashine zote, akapanda juu ya sanduku la vifungo, akasema leo tunazungumzia mazoezi salama wakati wa hedhi. Mimi nilikwenda kwa sababu tangazo lilitaka wakuu wa ofisi zote wahudhurie, na nilikaa mstari wa mbele kwa sababu sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Hedhi naijua, Mama Meneja, usinidharau. Niliisoma kidato cha pili, nikachora na mchoro wake, nikapata saba kwa kumi. Ila tangu nimalize shule sikuwahi kumsikia mtu mzima akiitaja kwa jina hilo, kwa hiyo kichwani mwangu ilikuwa imekaa pamoja na amiba.

Basi Nesi akauliza, "Nani atatuambia habari za siku ishirini na nane?" Wanawake mia moja na arobaini wakatazama viatu vyao. Niliona uchungu kwa niaba ya ofisi yangu, kwamba miaka yote hii watu bado hawajui haki zao. Nikapiga moyo konde nikasimama. Nilisema kwamba siku ishirini na nane ni haki ya kila mfanyakazi, mwanamume kwa mwanamke. Kwamba unaweza kuzichukua kwa mkupuo au kidogo kidogo, lakini mimi kwa uzoefu wangu napendekeza mkupuo. Kwamba usipozitumia kabla ya Desemba zinapotea, ila kwa idhini ya meneja chache zinaweza kusogezwa mwaka unaofuata. Na kwamba mimi mwenyewe zangu za mwaka jana nilizisogeza mpaka Januari bila tatizo lolote, nikajisikia vizuri sana.

Kicheko kile sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Fundi wa mashine ya vifungo alianguka kutoka kwenye kiti. Wasichana wa chumba cha pasi walishikana mabega wasidondoke. Wewe mwenyewe ulitoka nje na leso mdomoni, na mimi, kwa kuwa nakuheshimu, nilidhani umeletewa habari za msiba, nikaanza kufikiria fomu yako. Mke wangu peke yake hakucheka pale pale. Alinitazama kwa muda mrefu huku midomo yake ikihesabu kitu kimya kimya. Alianza kucheka tulipofika nyumbani, na mpaka leo hajamaliza. Nikimwaga chai, anacheka. Nikisema "Desemba", anacheka.

Na Nesi, badala ya kunisitiri, akasema, "Asante, mzee wangu. Sasa tumejua tatizo liko wapi." Kisha akaendelea: hedhi si ugonjwa, si adhabu, na hapa akanigeukia, wala si likizo. Akasema mwanamke aliye kwenye siku zake anaweza kutembea, kunyoosha viungo, kukimbia na kuvuta kamba kama mwili wake unamruhusu, na kwamba wengine mazoezi mepesi huwapunguzia hata maumivu ya tumbo. Ile siku inayouma apunguze kasi. Anywe maji, ale vizuri, avae pedi inayokaa sawasawa na aibadilishe mapema. Anayetaka kupumzika apumzike, asilazimishwe na mtu. Akiona damu ni nyingi kuliko kawaida yake, au kizunguzungu, au maumivu yasiyotulia, aache na aende kumwona. Alisema yote hayo saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Mficha uchi hazai, akamalizia, na wanawake wakapiga makofi.

Swali langu ni moja. Kulikuwa na haja gani ya kulitaja jambo kwa jina lake? Sisi hapa kiwandani tulikuwa tumeishi vizuri miaka kumi na tisa bila kuelewana.

3. Kamba. Kila mwisho wa Oktoba Ofisi huvutana kamba na Ukumbi wa Kushona, wanane kwa wanane, na Ofisi imeshinda miaka kumi na moja mfululizo. Mimi ndiye kapteni. Siku zote nimesema siri ni mazoezi. Sasa wako wenye midomo wanaosema tulikuwa tukishinda kwa sababu kila mwaka, asubuhi ya mashindano, yule mzee aliwarudisha nyumbani watatu au wanne kati ya wavutaji wao wazuri, na nafasi zao zikajazwa na yeyote aliyekuwa anapita. Ni kweli mwaka juzi mmoja wao alikuwa mteja aliyekuja kuulizia sare za shule. Lakini alivuta vizuri.

Mwaka huu, Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, mke wangu alitoka chumbani akasema, "Mgeni amefika." Kwa elimu niliyoipata mwezi wa nane nilijua maana yake, na sitakuficha, moyo wangu uliruka kwa furaha. Mke wangu ndiye nanga yao, yaani yule wa mwisho kwenye kamba anayezuia wote wasivutwe. Nikamwambia pumzika mama, nitakuchemshia maji ya kujikanda tumbo, na kesho usihangaike kuamka. Akaniambia asante, maji chemsha, lakini kesho usinifungie mlango. Siku hiyo alitembea tu polepole na kunyoosha mgongo pale sebuleni, wenzake wakafanya mazoezi mazito bila yeye. Jumamosi akaamka hana maumivu. Akala, akanywa maji, akabadilisha pedi, nyingine akaitia mfukoni, akafunga kamba za viatu mafundo mawili mawili. Nilipoyaona yale mafundo nilijua tumekwisha.

Ulipiga filimbi mwenyewe, kwa hiyo sitatia chumvi. Mtunza stoo wetu, tunayemwita Tani Moja, mtu ambaye hata lori likirudi nyuma humsubiri yeye asogee, aliondoka, viatu vyake vikabaki. Mhasibu alilia jina la mama yake. Mimi nilikula mwereka, nikaburuzwa kifudifudi, miwani yangu ikaokotwa upande wa wanawake. Mzunguko wa pili sina la kusema kwa sababu sikuwa nimesimama ulipoanza. Na aliyekuja kuninyanyua na kunipangusa matope usoni kwa upindo wa kanga yake alikuwa ni yule yule nanga.

4. Mgeni na soda. Lalamiko hili ni la nyumbani, lakini chanzo chake ni kiwandani. Tumeoana miaka ishirini na minne. Kila mwezi mke wangu alikuwa akiniambia, "Mgeni amefika," au, "Mgeni yuko njiani." Mimi nimelelewa na watu wastaarabu. Nilikuwa nafagia sebule, naweka kitambaa kwenye meza, nakwenda dukani kununua soda mbili, moja ya mgeni na moja ya akiba. Mgeni hatokei. Nikajiambia labda ni jamaa wa upande wao, amepitia kwingine. Sikutaka kuuliza, maana kumuuliza mtu habari za wageni wake ni kama kuwafukuza. Soda alikunywa mke wangu mwenyewe.

Kumbe kwa miaka hiyo yote alikuwa akiwasimulia wenzake pale mstari wa tatu kwamba amepata mume asiye na mfano, mume ambaye akisikia tu siku zimefika, anafagia nyumba na kumletea soda mbili. Wako wanaume mtaani kwetu waliogombezwa na wake zao kwa sababu yangu. Nesi amenivua sifa ambayo sikujua kwamba ninayo, na hilo limeniuma kuliko mgongo.

5. Dalili. Kwa mujibu wa maneno ya Nesi mwenyewe, mtu mwenye kizunguzungu, uchovu, hasira za haraka na maumivu ya tumbo la chini anastahili kupumzika. Siku ya kamba dalili zote hizo nilikuwa nazo, tena kabla ya filimbi. Hakuna aliyenipa ruhusa.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo:

(a) Nesi arudi kwenye kazi iliyomleta, yaani vidole vilivyochomwa sindano, na asipande tena juu ya sanduku la vifungo.

(b) Neno "hedhi" litumike kidato cha pili tu, na kwa maandishi.

(c) Kamba irudiwe. Ili haki itendeke, kabla ya marudiano kila mvutaji wa kike aniletee tarehe zake nizipange kwenye jedwali, nami nitachagua siku inayofaa pande zote, hasa upande wangu. Nilimwomba Nesi tarehe hizo, akasema ni siri ya mtu na mwili wake, na akanifungulia mlango kwa adabu kubwa ili nitoke.

(d) Wanaume nasi tupewe siku zetu. Mbili kila mwezi zinatosha. Sababu tutaitafuta.

(e) Na hili ndilo kubwa. Itangazwe rasmi kwamba "siku zangu" maana yake ni likizo, kama ilivyokuwa. Fikiria mwenyewe, Mama Meneja. Ikiwa Nesi ana haki, basi kila Jumatano kwa miaka kumi na tisa kalamu yangu nyekundu iliwakata watu likizo yao kwa kosa la kuumwa tumbo, au kwa kosa la kurudishwa nyumbani na mzee asiyewauliza kama wanaumwa. Wao walidhani ni sheria ya kiwanda. Mimi nilidhani ni hiari yao. Basi daftari zima litakuwa uongo, na mimi niliyelitunza nitakuwa nani? Ni rahisi zaidi miili mia moja na arobaini ibadilishe utaratibu wake kuliko daftari moja kubadilisha maandishi. Miili imezoea kubadilika. Daftari lina jalada gumu.

Sina shaka utalipa suala hili uzito wake. Nisalimie mlinzi wa getini, mpishi wa kantini na mkono wako wa kulia, yaani katibu muhtasi wako. Nisalimie dereva, mwambie mgongo wangu unapona. Tani Moja anakusalimu, ameshavipata viatu vyake. Mstari wa kola, mstari wa mifuko na mstari wa vifungo nawasalimu wote, hata waliocheka, ingawa hapo nimewataja wote kwa mara ya pili. Nesi pia msalimie, lakini kwa sauti ya kawaida.

Wako katika ujenzi wa kiwanda,

Karani wa Likizo
(ajulikanaye tangu Agosti kama Bwana Ishirini na Nane)

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa sababu ya jambo moja dogo.

Ili kuthibitisha ombi (e), nililazimika kuambatanisha mfano mmoja kutoka daftarini, na ukurasa nilioufungua kwanza ulikuwa wa mke wangu. Siku kumi mwaka huu alikwenda kumuuguza mama yake. Hizo ni halali. Halafu mbili Januari, mbili Februari, mbili Machi, hivyo hivyo mpaka Agosti, zote kwa mkono wangu, zote kwa wino mwekundu: siku zangu, siku zangu. Jumla kumi na sita. Nikakumbuka alivyonitazama pale ukumbini midomo ikihesabu, na nikaelewa alichokuwa anahesabu. Miezi mitatu amekuwa akijua kwamba ni mimi niliyemzuia asimbebe mjukuu wake, na hajanitukana hata mara moja. Ameninyima chai tu. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu wangu alikula janga lote peke yake, na matope akanipangusa. Nimeona haya, Mama Meneja. Nimelia kidogo, upande wa sikio la kushoto ili nisijisikie.

Basi nimenunua kalamu ya kijani. Nimemrudishia siku zake kumi na sita, sasa anazo kumi na nane. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, nimeanza kurasa za wengine. Nimefika mstari wa mifuko. Kwa mwaka huu tu ni siku nyingi kiasi kwamba nakushauri ukae chini kabla sijakuletea jumla, na umwite Nesi awe karibu.

Kwa hiyo malalamiko, la kwanza hadi la tano, usiyasome. Kama umeshayasoma, yasahau. Ombi (a), mwongezee Nesi sanduku lililo imara zaidi, na safari ijayo awaite waume, nitakaa mbele. Ombi (c), marudiano yasubiri. Nanga wao atakuwa safarini, na safari hii sitaki kushinda kwa mtindo wa zamani. Soda naendelea kununua, ila sasa namjua mgeni.

Ndani ya bahasha utakuta fomu moja yenye majina mawili, la mke wangu na langu, siku kumi na nne kuanzia Jumatatu. Naomba uidhinishe. Kwenye sehemu ya sababu nilifikiri sana niandike nini, mwishowe nimeandika: siku zetu.